Wote, Hata Gakuru

Kajiado,
14 Machi 1999

Kwa dada yangu Wahu,

Salamu zangu zikufikie hapo Noonkopir, wewe na shemeji Kiragu na kijana wenu Mugo. Sisi huku tuko salama, shida yetu ni jua peke yake. Majirani wa Kimaasai wameanza kuhamisha ng'ombe kupita Bisil, na yule mzee anayetuletea maziwa siku hizi analeta nusu chupa huku akiomba msamaha. Juzi nilikuwa Tuala kumwona mama. Jicho la kushoto bado lina ukungu, lakini mdomo hauna ukungu hata kidogo. Aliniuliza mara tatu kwa nini huji kunitembelea, na ni mwendo wa saa moja tu. Mimi na wewe tunajua ulivyoapa kuhusu barabara hii, na sikulaumu.

Kazi ya uaskari jela inaendelea. Tangu Januari namsaidia Pasta Ouma, ambaye huja kila Alhamisi kuwafundisha wafungwa Neno la Mungu. Mwanzoni nilikuwa nasimama mlangoni na funguo zangu. Siku hizi nakaa nao kwenye benchi. Dada, nimeona mambo. Mtu aliyekuwa akiogopwa na kijiji kizima anauliza kwa sauti ndogo kama Mungu anajua jina lake.

Kuna mmoja wao ninayetaka kukueleza habari zake. Mstari huu nimeuanza mara nne. Wacha ningoje kidogo. Ila nijibu jambo moja, wewe unayefundisha akina mama kanisani. Unaamini kweli kwamba Mungu anataka watu wote waokoke? Wote kabisa?

Ndugu yako,
Gichuru


Noonkopir, Kitengela,
2 Aprili 1999

Ndugu yangu Gichuru,

Barua yako nimeipata, asante. Hapa hatujambo. Kiragu amerudi kazini baada ya goti kumsumbua. Mugo ameanza kuongea na sauti ya mzee, akiniita kutoka nje nadhani ni mgeni. Jirani yangu Faysa, mke wa Hilowle yule anayeuza mbuzi, ameongeza vitambaa dukani kwake, kwa hivyo siku hizi siendi Nairobi kutafuta vya kushona. Natembea hatua ishirini tu.

Cherehani inanilisha. Shule tatu zimeniagiza sare. Zile za darasa la tatu nampa fundi mwenzangu azishone, na yeye hajawahi kuniuliza sababu. Phylis angekuwa darasa la sita mwaka huu.

Sasa hilo swali lako, mbona unaniuliza jambo la watoto wa Sande skuli? Ndiyo, Mungu anataka watu wote waokoke. Juzi tu nilifundisha akina mama neno hilo hilo, nikawaambia wote maana yake ni wote, hakuna aliyetengwa nyuma ya pazia. Walipiga makofi.

Kwa nini umenyamaza juu ya huyo mtu? Wewe tangu utotoni ukinyamaza hivyo huwa umevunja kitu. Sema.

Dada yako,
Wahu


Kajiado,
9 Mei 1999

Kwa dada yangu Wahu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Watoto wangu wako salama, na mke wangu anakusalimu.

Umesema niseme, basi nasema. Mtu huyo ni Gakuru. Ndiye yule dereva wa lori aliyemgonga Phylis wetu mwaka wa tisini na sita akakimbia. Aliletwa hapa Novemba iliyopita kumalizia kifungo chake cha miaka minane. Nilipoona jina lake kwenye orodha niliomba nibadilishwe zamu nisimwone, na kwa miezi miwili sikumwona. Halafu akaja kwenye darasa la Alhamisi akakaa nyuma kabisa. Nilimchukia mpaka funguo zikalowa jasho mkononi.

Hakujua mimi ni nani. Nilimwambia mwenyewe, mwezi wa pili, ili nimwone akiogopa. Alipiga magoti papo hapo kwenye vumbi.

Sasa ameomba abatizwe. Pasta Ouma alikuwa tayari kumbatiza kabla ya Pasaka, lakini Gakuru mwenyewe amekataa. Amesema hawezi kwenda kwa Mungu akipitia nyuma ya mgongo wa mama wa mtoto. Anataka wewe ujue kwanza. Haombi umsamehe, wala haombi umwone. Anataka tu ujue, na ukisema hapana, atangoja.

Nisamehe kwa kuficha.

Gichuru


Kajiado,
8 Agosti 1999

Dada yangu,

Salamu nyingi. Ni miezi mitatu sasa sijasikia kutoka kwako. Mama ananiambia uko mzima, na kwamba ulienda kumwona kwa kupitia njia ya Rongai. Nilifurahi kusikia. Sikuharakishi. Nataka tu kujua kama barua yangu ya Mei ilifika.

Gichuru


Noonkopir,
30 Agosti 1999

Gichuru,

Hatujambo. Mugo alikuwa na malaria, amepona.

Barua yako ilifika. Niliisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaendelea kushona, nikashona mkono wa shati kwenye kola. Nikafumua. Nikashona tena pale pale.

Nimeacha kufundisha akina mama. Nimewaambia niko na kazi nyingi. Ukweli ni kwamba siwezi kusimama mbele yao na lile neno tena. Mungu anataka wote, sawa. Mungu anataka. Mimi sitaki. Nilipowaambia wote maana yake ni wote, nilikuwa nikiona watu fulani akilini, walevi wa sokoni, majirani wasio wa dini yetu, hata wezi wa kuku. Gakuru hakuwemo. Nimegundua nilikuwa nimemtoa bila kujua, nikafunga mlango, nikaweka ufunguo kwenye mfuko wa aproni.

Wewe ulikuwa Wajir wakati ule, hukuona. Nilimtuma Phylis vifungo, vifungo kumi na viwili vyeupe, ng'ambo ya barabara ya Namanga. Ilikuwa saa kumi. Mimi nilifika watu wakiwa wameshamfunika kwa leso. Kortini nilikaa siku nne nikimwangalia huyo mtu akisema hakuhisi kitu chochote, hakuona, hakusimama, alidhani ni jiwe. Jiwe, Gichuru!

Ninaweza kuishi na kifo. Watu wengi wamezika. Kinachoniamsha ni kwamba mtoto wangu alilala pale kwenye changarawe akiniita na hakukuwa na mtu. Mwambie hivyo. Mwambie mama yake anasema, mtoto wangu alikufa peke yake. Halafu abatizwe kama anaweza.

Wahu


Kajiado,
19 Septemba 1999

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Leo sina habari za ng'ombe wala za mama. Nimekaa siku kumi nikijiuliza kama nikuandikie haya, na mke wangu ameniambia si yangu kuyaweka, ni yako.

Nilimpata Gakuru akipalilia sukuma wiki kwenye bustani. Nilimwambia maneno yako kama ulivyoyaandika. Mtoto wangu alikufa peke yake. Aliweka jembe chini.

"Hapana, afande," akasema. "Hakuwa peke yake. Mimi nilikuwepo."

Nilimwambia kortini aliapa hakusimama. Akasema ndiyo, aliapa uongo. Lori lilisimama mbali kidogo, akashuka, akarudi mbio. Mtoto alikuwa macho. Hakuwa analia. Alikuwa na damu kidogo tu sikioni, na Gakuru akadhani ataishi, akamwinua kichwa akakiweka kwenye mapaja yake. Alimpa maji kwenye kifuniko cha chupa. Alikunywa. Halafu akaangalia miguu yake akasema, "Kiatu. Mama ataniuliza kiatu."

Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka kikaenda mpaka kwenye mtaro. Gakuru akakifuata, akarudi, akamvalisha, akafunga kamba. Anasema mikono yake ilikuwa ikifanya kazi yenyewe. Alipoinua macho mtoto alikuwa ameenda.

Nikamuuliza, "Ukafanya nini?"

"Nilisema na Mungu," akasema. "Sikuwa nimewahi kusema naye maisha yangu yote. Baba yangu hakuwa mtu wa kanisa, na mimi nililelewa kwenye malori. Nilisema, wewe uliye huko juu, huyu ni mdogo, mpokee. Hayo tu. Halafu nikaona kwa mbali watu wanakuja kutoka upande wa maduka, wengine na mawe, na mimi nimeona dereva akichomwa kwa tairi. Nikakimbia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema haya mbele ya hakimu, yangemsaidia. Akaniambia, "Nani angeniamini? Na kama wangeniamini, ningekuwa nimemfanya mtoto yule wakili wangu."

Dada, sijui kama ni kweli. Mfungwa anaweza kusema lolote. Nimekuandikia kama nilivyosikia, sikuongeza chumvi.

Gichuru


Noonkopir,
12 Desemba 1999

Ndugu yangu Gichuru,

Salamu kutoka kwetu sote. Hapa maji yanauzwa kwa mikokoteni, na ng'ombe wa Kimaasai wanapita katikati ya mji wakitafuta nyasi mpaka kwenye nyua za watu. Mmoja alikula kitambaa nilichoanika. Kiragu alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipochukua kalamu niliirudisha mezani. Ni kweli, Gichuru. Aliyosema ni kweli.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu, hata Kiragu. Waliponipa nguo za Phylis mochari, kiatu cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa fundo ambalo si langu. Mimi ni fundi, mafundo nayajua. Asubuhi ile nilimfunga mimi mwenyewe, fundo la kipepeo kama kawaida. Kile cha kulia kilikuwa na kipepeo changu. Cha kushoto kilikuwa kimezungushwa mara mbili, kikavutwa, ncha ikachomekwa ndani, vile watu wa malori wanavyofunga kamba ya turubai. Nilijiambia ni mhudumu wa mochari. Lakini mhudumu angemvua, kwa nini amfunge? Miaka mitatu na nusu nimekiweka kiatu hicho kwenye sanduku na sijakifungua, na sikujua kwa nini.

Niliposoma barua yako nililitoa sanduku chini ya kitanda. Nikaliangalia fundo hilo. Nilivua viatu vyangu mwenyewe bila kufikiri, kama mtu aliyeambiwa avue.

Nilikuwa nimemwambia Mungu kila usiku kwa miaka hii, ulikuwa wapi? Na alikuwa ameshanijibu, jibu liko chini ya kitanda changu. Mtoto alipewa maji. Alishikwa kichwa. Na mtu asiyejua kuomba aliomba kwa mara ya kwanza maishani, na hakujiombea mwenyewe, aliomba kwa ajili ya mtoto wangu. Mimi mama yake nilikuwa ninahesabu mashati yanayongoja vifungo na kunung'unika kwamba amechelewa. Aliyemwombea ni yule.

Sielewi. Nikijaribu kulielewa jambo hili ni kama kuangalia jua. Mungu alikuwa akimtaka Phylis pale kwenye changarawe, na wakati ule ule, kwa mkono ule ule, alikuwa akimtaka Gakuru.

Nilimsomea Kiragu barua yako yote. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. Aliporudi alisema, "Mimi bado." Sikumsukuma.

Mwambie Gakuru abatizwe. Mwambie mama wa Phylis anajua. Lakini mimi siji. Barabara ile siwezi.

Wahu


Kajiado,
20 Februari 2000

Dada yangu Wahu,

Natumaini mko salama na jua hili. Nilimpa Gakuru ujumbe wako. Alikaa chini pale alipokuwa, na wenzake wakadhani ameanguka.

Sasa habari nyingine. Nimepewa uhamisho kwenda Marsabit, naondoka tarehe ya kwanza. Sitakuwepo siku ya ubatizo. Pasta Ouma ameipanga Jumapili, tarehe ishirini na sita Machi. Watakuwa saba. Wengine sita wana watu wao watakaokuja. Gakuru mama yake alikufa yeye akiwa jela, na ndugu zake hawamtaki.

Sikuombi kitu. Nimekupa tu habari.

Gichuru


Noonkopir,
27 Machi 2000

Ndugu yangu Gichuru,

Salamu mpaka huko Marsabit. Natumaini mmefika salama, watoto wamepata shule, na maji yapo. Mama anauliza kama huko kuna viazi.

Nilienda.

Nilikuwa nimeamua siendi. Jumamosi nilikuwa dukani kwa Faysa nikinunua uzi, akaniuliza kwa nini uso wangu umekuwa mrefu. Nikamweleza yote, kuanzia vifungo. Alikunja kitambaa alichokuwa ameshika, akasema, "Mama Mugo, ibada ni yenu, mimi nitakaa nje kwenye kivuli. Lakini barabara tutapita pamoja." Jumapili asubuhi alikuwa mlangoni kwangu ameshajitanda, ana chupa ya chai ya maziwa na mahamri. Kiragu alitusindikiza mpaka stendi. Aliniambia, "Angalia kwa niaba yangu, uje uniambie." Hicho kwake ni kitu kikubwa.

Pale mahali nilifumba macho. Faysa alinishika mkono, nikamsikia akisema maneno yake ya dua polepole, na mimi nikasema yangu. Nilipofumbua tulikuwa tumeshapita, na nikaona kuwa ni barabara tu. Kuanzia Isinya ng'ombe waliokufa wamelala pande zote mbili, na anga ni kubwa, jeupe, halina hata wingu.

Pasta Ouma alinipokea getini akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema, "Wa Gakuru." Lilinitoka tu. Alinitazama, akajua, akanipisha niingie.

Walikuwa wamepanga kuwabatiza kwa kuwazamisha, lakini ukame huu, maji yalikuwa karai moja kwa watu saba. Wakapiga magoti mmoja mmoja kwenye mkeka. Kila mmoja akiitwa, pasta anauliza, "Nani anasimama na huyu?" na mama au kaka anasimama. Gakuru alikuwa wa mwisho. Amekonda, Gichuru. Kortini alikuwa mwanaume mnene. Alikuwa ameinamisha kichwa, hakuwa ameniona. Pasta akauliza, "Nani anasimama na huyu?" Nilikuwa bado nafikiri kama ninaweza, na nikakuta nimeshasimama. Sijui nani aliniinua. Miguu ilikuwa yangu.

Nikasema, "Mimi. Mama wa Phylis."

Gakuru alilala kifudifudi kwenye mkeka. Hakulia kwa sauti. Mgongo wake tu ulikuwa ukitikisika. Askari mmoja akavua kofia. Nikaenda nikamwambia, "Inuka upige magoti, maji ni kidogo, yatakauka." Akainuka. Yalikuwa yamebaki vikombe viwili hivi, yakiwa na vumbi. Pasta akayamimina yote juu ya kichwa chake, yakanirukia miguuni.

Niliogopa sana, Gichuru. Sikumwogopa yeye. Ilikuwa hofu ile ya kusimama karibu na kitu kikubwa mno. Nilihisi kwamba anayetaka watu wote alikuwa pale kwenye ua ule wa vumbi, na kwamba angekausha visima vyote vya nchi kumtafuta mtu mmoja, na kwamba mimi pia ninatafutwa vile vile, na sikuwa nimejua nimepotea.

Baadaye walituruhusu dakika kumi kwenye benchi. Nikamwambia, "Niambie sauti yake ilikuwaje." Akafikiri. Akasema, "Ilikuwa tulivu. Kama mtoto anayekaribia kulala, lakini bado anataka kusema jambo." Na hivyo ndivyo alivyokuwa, Gichuru. Hivyo hivyo. Mimi nilimwona akija duniani na yeye alimwona akitoka, na duniani kote hakuna mwingine ninayeweza kumuuliza.

Sijui kama nimemsamehe. Akina mama wataniuliza, nami nitawaambia sijui. Kuna wakati tukiwa kwenye benchi nilitaka kumpiga. Kuna wakati nilimpa mahamri ya Faysa, akayala yote.

Leo nimeandika barua mbili, na hii yako ni ya pili. Huyo mtu hapati barua kutoka kwa mtu yeyote. Nilikaa na karatasi asubuhi nzima, sikujua unamwandikia nini mtu kama huyo, unamwitaje, unaanzia wapi. Kiragu alipita nyuma yangu mara mbili, akasoma juu ya bega langu, akasema, "Anza kama watu wanavyoanza." Basi nikaandika, "Kwa Gakuru. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Sisi huku Noonkopir hatujambo."

Dada yako,
Wahu